Masizi Anayengoja Mlangoni

Sogeeni, sogeeni. Wa nyuma waje mbele. Hadithi ya leo ina mikia miwili, na mikia hiyo msiikanyage.

Tusekile alikaa Tukuyu, kwenye mlima. Huko mvua hunyesha asubuhi, mchana na jioni, na wala haichoki.

Alikuwa na paka wawili. Mkubwa aliitwa Masizi, kwa sababu alikuwa mweusi kama chungu cha jikoni. Mdogo aliitwa Uji. Huyo alikuwa mweupe, na ndiye mtoto wa Masizi.

Jioni baridi ilipoingia, mlango wa nyumba ulifungwa. Paka wakabaki nje.

"Nyau! Nyau!"

Mama akainuka, akawafungulia. Wakaingia.

Kidogo tu, wakataka kutoka. "Nyau! Nyau!" Baba akainuka, akawafungulia. Wakatoka.

Kidogo tu, wakataka kuingia tena. Ndivyo paka walivyo. Akiwa ndani anataka nje, akiwa nje anataka ndani.

Na ndani ya nyumba mlikuwa na mtoto mchanga, Lusajo, mdogo wake Tusekile. Paka wakilia, Lusajo naye anaamka.

"Ng'aa! Ng'aa! Ng'aa!"

Basi hapo hapana anayelala. Mama alichoka sana. Asubuhi moja alitia chumvi kwenye chai, na Bibi akainywa yote kwa heshima.

Baba alikuwa fundi seremala. Akachukua msumeno wake. Kere-kere, kere-kere! Akakata tundu chini ya mlango. Akatundika kibao chepesi juu ya tundu.

Ukikisukuma kibao, kinafunguka. Ukikiachia, kinarudi. Kwaa-pu!

"Huu ni mlango wa paka," Baba akasema. "Sasa wataingia na kutoka wenyewe, nasi tutalala."

Masizi akaja, akakinusa kibao. Kibao kikamgonga pua. Kwaa-pu! Masizi akaruka mpaka juu ya rundo la kuni, na Uji akaruka nyuma yake bila kujua wanakimbia nini.

"Hawaujui bado," Tusekile akasema. "Nitawafundisha mimi."

"Wafundishe, binti yangu," Baba akasema. "Lakini wasipojifunza, Jumamosi nawapeleka kwa shangazi yako Sekela. Ghala lake limejaa panya. Hapa mtoto lazima alale."

Tusekile akashtuka. Kwa shangazi ni mbali, ng'ambo ya mto. Nani atamkuna Masizi chini ya kidevu? Nani atacheza na Uji? Roho ikamuuma.

Kesho yake akaanza kazi.

Kwanza alikifunga kibao juu kwa kamba, kisigonge pua ya mtu. Akaweka dagaa mmoja upande wa ndani. Masizi akapita tundu wazi, akala dagaa. Kisha Tusekile akalegeza kamba kidogo. Kisha akailegeza kidogo tena. Haraka haraka haina baraka, hata kwa paka.

Sasa, Tusekile alikuwa mtoto mwenye adabu. Bibi alimfundisha hivi: ukifika mlangoni, piga hodi. Ngoja uambiwe karibu. Ndipo uingie.

"Basi na paka wangu wawe na adabu," Tusekile akasema.

Akakaa ndani na dagaa wake. Masizi akakaa nje.

"Nyau," Masizi akasema.

"Vizuri! Hiyo ndiyo hodi," Tusekile akasema. "Karibu, pita!"

Akatikisa dagaa. Masizi akasukuma kibao kwa kichwa.

*Nyau, hodi!*
*Karibu, pita!*
*Kwaa-pu!*

Akaingia! Akapata dagaa wake. Akatoka, wakarudia tena.

*Nyau, hodi!*
*Karibu, pita!*
*Kwaa-pu!*

Uji yeye hakusikiliza somo. Alikuwa anaukimbiza mkia wake. Mama yake akipita, naye alipita nyuma yake, basi.

Jioni Baba alirudi, akaona. Akapiga makofi. "Hongera, Mwalimu Tusekile!"

Tusekile akafurahi mpaka akasahau kula.

Giza likaingia. Mvua ikaanza, cho-cho-cho, juu ya bati. Lusajo akalala. Mama akalala. Baba akajinyoosha, akasema, "Aaah, leo tunalala." Akafunga macho.

"Nyau!"

Hakuna aliyejibu.

Mlango wa paka ulikuwepo. Kibao kilikuwepo. Lakini Masizi hakuingia. Alikaa pale pale nje na adabu zake zote, akilowa.

"Nyau! Nyauuu!"

"Ng'aa! Ng'aa! Ng'aa!" Lusajo akaamka.

Tusekile akainua kichwa. Akaita kutoka kitandani, "Karibu, pita!"

Kwaa-pu! Masizi akaingia, na Uji nyuma yake.

"Alikuwa anangoja kukaribishwa!" Baba akasema. Akajifunika blanketi mpaka kichwani. "Nimetengeneza mlango, na bado anatakiwa mtu wa kuamka aseme karibu!"

Bibi alicheka mpaka kitanda kikalia. "Paka huyu ana adabu kuliko wajomba zako," akasema.

Lakini Baba hakucheka. "Jumamosi," akasema chini ya blanketi.

Tusekile akajaribu kumwambia Masizi. "Masizi, ukifika, ingia tu. Umesikia?"

Masizi akapepesa macho. Akatoka nje, akakaa mbele ya kibao, akasema, "Nyau."

Akangoja.

Tusekile akamsukuma taratibu kutoka nyuma. Masizi akajikunja, akakaa vilevile. Akangoja.

Tusekile akajificha nyuma ya pipa la maji, asionekane. Masizi akalia sana, Lusajo akaamka, na Mama akasema, "Karibu, karibu, pita, jamani!"

Kwaa-pu!

Ikafika Ijumaa.

Tusekile alitoka shule ya chekechea mvua ikinyesha. Alijifunika jani la mgomba kichwani. Alitembea polepole, kwa sababu kesho ni Jumamosi na hakutaka ifike.

Mlangoni kwao alimkuta jirani yao, Mama Ambwene. Alikuwa amesimama na kikapu cha maparachichi.

"Hodi wenyewe!" Mama Ambwene akaita. "Hodi!"

"Shikamoo, Mama Ambwene," Tusekile akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mmh, umelowa!"

Tusekile akapita chini ya kikapu, akasukuma mlango mkubwa, akaingia mbio.

"Umerudi?" Bibi akauliza.

"Nimerudi, Bibi."

Kisha Bibi akapaza sauti. "Karibu, Mama Ambwene! Karibu ndani!"

Ndipo Mama Ambwene akaingia.

Tusekile akasimama katikati ya chumba. Maji yalikuwa yanamchuruzika mpaka puani. Alikuwa anafikiri.

Mama Ambwene alingoja. Mimi sikungoja. Kwa nini?

Mama Ambwene ni mgeni. Mimi, hapa ni kwetu.

Nyuma ya mlango wa paka ikasikika sauti. "Nyau."

"Bibi!" Tusekile akapiga kelele. "Nimemfundisha Masizi kuwa mgeni!"

Akataka kulia. Maskini Masizi! Kila siku anasimama mlangoni kwao, kwenye mvua, anaomba kuingia.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Bibi akasema. "Sasa huyu wa kwako, jembe atalishikaje?"

Lakini Tusekile hakuwa na muda wa kucheka.

"Leo hakuna karibu," akasema. "Mtu yeyote asimkaribishe Masizi. Hata Mama Ambwene."

Wakakaa jikoni. Mama alikaa na Lusajo mgongoni. Bibi alikaa. Mama Ambwene aliweka kikapu chake chini, akakaa, akapewa chai. Wote kimya.

"Nyau," akasema Masizi.

Kimya.

"Nyau! Nyau!"

Mama Ambwene ni mtu mkarimu. Akashindwa. "Kari..." akaanza.

Tusekile akaweka kidole mdomoni. Mama Ambwene akajaza kinywa chake parachichi haraka, neno lisitoke.

"Nyau! Nyauuu!"

Tusekile akaziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalimlenga. Ni vigumu sana kumnyamazia unayempenda. Akaweka dagaa karibu na kibao. Pua nyeusi ikatokea chini yake, ikanusa. Kisha ikarudi nje.

Hata kwa dagaa Masizi hakuingia. Adabu ni adabu.

Na Uji? Uji alikuwa ndani, anaukimbiza mkia wake. Akazunguka, akazunguka, akazunguka, mpaka akakipiga kikapu cha Mama Ambwene. Kikapu kikapinduka. Maparachichi yakabingirika, bili-bili-bili! Kikapu kikamfunika Uji, gubi!

"Nyii!" Uji akalia ndani ya kikapu. "Nyii! Nyii!"

Huko nje, Masizi akanyamaza.

Halafu...

Kwaa-pu!

Hakupiga hodi. Hakungoja karibu. Aliingia mbio, akaruka parachichi, akakipiga kikapu kwa kichwa, akakipindua. Akamkamata Uji wake, akamlamba masikio yote mawili.

"Ameingia!" Tusekile akaruka. "Ameingia mwenyewe!"

"Hata mimi," Mama akasema, akimpapasa Lusajo mgongoni, "mtoto wangu akilia, sipigi hodi mahali popote."

Tusekile akamkumbatia Masizi aliyelowa. Akamnong'oneza, "Hapa ni kwenu, Masizi. Kwenu kabisa." Akampa dagaa wawili.

Baadaye Masizi akatoka nje. Wote wakanyamaza, wakasikiliza. Mama Ambwene akachukua parachichi lingine, kwa tahadhari.

Kwaa-pu! Akarudi.

Akatoka tena. Kwaa-pu! Akarudi tena. Hakuna aliyemwambia lolote.

Jioni Baba akaja. Mkononi alikuwa na boksi kubwa lenye matundu ya kupitishia hewa. Lilikuwa la kubebea paka.

Tusekile akaliona. Akamkimbilia Baba.

"Baba, ngoja kwanza," akasema. "Leo usiku usiseme neno. Sikiliza tu."

Baba akamtazama. Akaweka boksi chini. "Haya," akasema. "Nasikiliza."

Taa ikazimwa. Mvua ikaanza, cho-cho-cho, juu ya bati. Lusajo akalala. Mama akalala. Bibi akajifanya amelala.

Baba alisikiliza. Tusekile alisikiliza, ameshika ncha ya blanketi.

Cho-cho-cho.

Cho-cho-cho.

Kwaa-pu.

Halafu nyuma yake ikaja nyingine, ndogo. Kwaa-pu.

Basi. Hapakuwa na nyau. Hapakuwa na ng'aa. Lusajo alipumua tu, fuuu, fuuu.

Baba akainuka polepole gizani. Tusekile akasikia boksi linaburutwa. Akafumba macho kwa hofu.

Lakini Baba hakulipeleka mlangoni. Alilisogeza mpaka karibu na jiko lenye joto. Akavua sweta lake, akalitandika ndani.

"Shangazi yako atafute paka wengine," akasema kwa sauti ya chini. "Hawa ni wa hapa."

Masizi akaingia kwenye boksi. Akazunguka mara moja, akajilaza juu ya sweta. Uji akajibana tumboni kwake.

Tusekile alitaka kusema karibu. Ulimi ulikuwa umeshazoea. Lakini mtu aliyefika kwao haambiwi hivyo.

"Mmerudi?" akanong'ona.

Masizi hakujibu. Alikuwa ameshalala, kwao.