Debe la Bibi Qamara

Asubuhi ile Hilda alirudi nyumbani na ndoo tupu kwa mara nyingine. Alikuwa amezunguka nusu ya kitongoji cha Nambis akiomba maganda ya viazi, majani ya kabichi, chochote kinachotupwa jikoni. Mbolea ya dukani ilikuwa haishikiki tangu ruzuku iondolewe, na bwana shamba alikuwa amewafundisha kutengeneza mboji. Shimo Hilda alishachimba. Cha kulijaza ndicho kilichomshinda. Mabaki ya kwake yaliishia kwa mbuzi na kuku, na majirani walimtazama kama mchawi.

"Uchafu wa jikoni kwangu hautoki nje ya boma," Fransiska, jirani yake, alimwambia akishusha sauti. "Ukishika nilichokula, umenishika mimi."

Hilda alitamani kumpiga na ndoo.

Aliyekubali alikuwa mmoja tu, Bibi Qamara, mjane aliyeishi peke yake kwenye ukingo wa msitu. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala, Hilda alikuta debe mlangoni pa bibi yule, limejaa. Alishukuru, akabeba. Hakujiuliza mtu mmoja anakulaje hivyo.

Siku moja debe lilikuwa na maganda ya boga. Msimu wa maboga ulikuwa umepita. Jioni mumewe, Herman, akarudi na boga alilopewa na binamu yake. Hilda alicheka, akalimenya.

Wiki iliyofuata akakuta manyoya. Meupe, yenye madoa mekundu, yamelowa maji ya moto. Alifika nyumbani akamwona kuku wake mwenye rangi zile zile akichakura uani, mzima kabisa. Kabla ya mchana lori la mbao likamvunja miguu yote miwili. Ikabidi achinjwe.

Wakati wa kunyonyoa, Hilda alitambua manyoya yale yale aliyoyabeba asubuhi.

Kesho yake alibisha. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Mlango ulifunguka kidogo tu.

"Bibi, haya mabaki unayapata wapi?"

Bibi Qamara alichungulia kupitia upenyo. "Si uliomba mwenyewe?" alinong'ona. "Ulisema mabaki ya jikoni. Hukusema ya jikoni kwa nani. Wala ya lini."

Akafunga mlango.

Hilda aliapa kutorudi. Lakini shimo lilikuwa halijafika hata nusu, na mvua zilikuwa karibu. Akavumilia siku chache, kisha akarudi, akijilaani njia nzima.

Debe halikuonekana. Lilikuwa limefukiwa. Mlangoni palikuwa na lundo lililomfika kiunoni: mifupa ya ng'ombe, maganda ya vitunguu, ukoko wa wali, majani ya chai yaliyochemshwa. Mabaki ya chakula cha watu wengi.

Chakula cha msiba.

Alikimbia. Nyumbani, Herman alikuwa ameshavaa koti la safari. Alikuwa anakwenda Gendabi kutazama ng'ombe.

"Baba Modest, usiende."

"Kwa nini?"

Alimweleza. Herman alisikiliza, uso ukimkunjamana.

"Kwa hiyo nisinunue ng'ombe kwa sababu ya takataka?"

"Nakuomba."

Lori la kuelekea Gendabi lilipiga honi barabarani, likasubiri, likaondoka. Herman alivua koti akalitupa kitandani. Hilda alimfungia mtoto wao, Modest, ndani, akazima moto, akaficha visu. Alikaa mlangoni akihesabu pumzi za watu wake.

Hakikutokea kitu. Mchana ukapita. Mtoto akalia njaa. Hilda akaanza kujiona mjinga, na hasira zikampanda, kwa bibi, kwa mboji, kwa bwana shamba na maneno yake matamu.

Ndipo Fransiska akaja mbio. "Bibi Qamara amekutwa amekufa."

Hakuwa na ndugu. Wazee wakaamua msiba uwekwe kwa Hilda, kwani yeye peke yake ndiye aliyekuwa akifika kule. Dume pekee la ng'ombe aliloliacha marehemu likachinjwa. Watu wakala. Baada ya mazishi Hilda alibeba mabaki hadi shimoni, na shimo likajaa hadi juu. Mifupa. Vitunguu. Ukoko. Aliyatambua yote. Alipaswa kushukuru kwamba aliyekufa hakuwa Herman, lakini alilia kwa uchovu tu.

Siku ya kusafisha nyumba ya marehemu aliingia na Fransiska. Jikoni walisimama.

Dari halikuwa na masizi. Ukuta ulikuwa na rangi ya udongo mbichi. Hapakuwa na jivu, hata chembe. Katikati ya mafiga matatu majani yalikuwa yameota, marefu, ya kijani, na buibui alikuwa ametanda utando kutoka figa hadi figa.

"Hapa hapajawahi kuwashwa moto," Fransiska alinong'ona. "Alikuwa anakula nini?"

Hilda alisogea mafigani. Aliinama, akapitisha mkono chini ya utando, akagusa figa lililokuwa karibu.

Akapiga kelele, akauvuta mkono; figa lilichoma, kana kwamba moto wa siku nyingine ulikuwa ukiwaka pale.

Majani hayakuwa yamenyauka. Utando haukuwa umekatika. Lakini ncha za vidole vyake vitatu zilikuwa zimevimba malengelenge, na miaka mingi baadaye, kila akimenya kiazi, ngozi ya pale ilikuwa bado laini na nyekundu, kama ya mtu aliyeungua asubuhi hiyo hiyo.