Manukato Edani

Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, saa kumi na nusu alasiri, harufu ya machinjio haikufika nyumbani kwa Wahiba. Saa kama hizo upepo wa Vingunguti huileta mpaka jikoni. Siku hiyo chumba kilinukia majani mabichi, kama msitu wa Pugu baada ya mvua.

Wahiba aliijua harufu ile. Yeye na mumewe Haroub walikuwa wakijipaka kutoka chupa moja, kwani manukato yale yaliwafaa wote wawili. Sasa Haroub alikuwa na siku arobaini kaburini. Wahiba yumo edani, na mjane wa eda hajipaki manukato. Alikuwa amemuuguza miaka miwili, na uchovu wake haukuwa umemtoka.

Wifi yake Arwa, aliyekuja kukaa naye, alisimama mlangoni.

"Wifi! Eda na manukato wapi na wapi? Unamtega nani, muuza maji?"

"Sijajipaka. Ninuse."

Arwa akamnusa shingoni, mikononi, kwenye ushungi. Sabuni ya mche tu. Akainamia mto wa Haroub kitandani, akarudi nyuma.

"Inatoka huku."

"Nilidondosha tone moja mchana," Wahiba alisema polepole. "Mwili wangu umekatazwa, mto haukukatazwa. Nikasema, karibu, mume wangu. Basi. Nilitaka nipate usingizi, wifi."

"Tone moja?" Arwa alinong'ona. "Mbona imejaa mpaka uani?"

Kesho yake harufu ilikuja yenyewe, chupa ikiwa imefungwa sandukuni. Na siku iliyofuata. Kila ikija, Wahiba alilala kama aliyepigwa. Alianza kukosa Magharibi. Chakula alikigusa tu, akakiacha. Arwa, akiwa sebuleni, alimsikia mtu akigeuka kitandani wakati Wahiba yuko msalani.

Siku ya tisa, alasiri, Wahiba aliamka uso ukiwa umeelekea ukutani, akangoja harufu igeuke, kwa sababu mwilini mwa Haroub haikuwahi kubaki majani. Saa moja ikipita majani yaliondoka ukabaki mti, mkavu, wenye joto, umechanganyika na jasho lake, na mti ule ndio aliokuwa akiungoja kila siku. Lakini saa ilipita, na ya pili ikakaribia kwisha, adhana ya Magharibi ikaanza, na bado yalikuwa majani mabichi, majani yasiyopata ngozi ya kukaukia, na nyuma yake godoro likabonyea taratibu, na kitu kikavuta pumzi kwenye kisogo chake, kikaivuta, kikaivuta, bila kuitoa.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Arwa. Njoo unishike mkono."

Asubuhi Arwa alimwita ustadhi Mwishehe. Ustadhi alisomea maji, Arwa akayanyunyiza kwenye pembe nne za chumba. Kisha ustadhi akazungumza na mjane akiwa nje ya pazia la mlango.

"Nimesoma, na nitasoma tena, mama. Lakini huyu kakaa kwa kukaribishwa. Aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa. Mwambie yeye si mumeo."

"Nikisema hivyo, ustadhi, nitabaki na nini?"

"Utabaki mjane, mama. Na mjane ana Mola wake."

Wahiba akaitoa chupa sandukuni. Akaimwaga yote kwenye karo la uani, Arwa akimshika kiwiko. Akarudi, akasimama mbele ya kitanda, akasema maneno ambayo hakuwahi kuyatamka tangu msiba.

"Haroub amekufa. Amekufa, na wamemzika. Wewe sikujui. Toka nyumbani kwangu."

Kitanda kililia, kama mtu mzito anayeinuka. Pazia likavutwa kuelekea nje, likabaki limenyooka hewani kwa muda wa pumzi moja, kisha likaanguka. Ustadhi akasogea pembeni kupisha, ijapokuwa hakuona mtu.

Wahiba akakaa sakafuni akalia, kilio ambacho siku ya mazishi hakikumjia. Arwa akakaa naye. Wakainua mikono.

Ee Mola, msamehe Haroub bin Awadh. Mpanulie kaburi lake na ulitie nuru. Alichoka sana kabla ya kuja kwako, mpumzishe. Na sisi tuliobaki, tupe subira ya kumwacha aende. Amin.