Dole Gumba Kwenye Kibati

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikala, kisha nikaenda saluni kwa mama. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na rafu iliyojaa chupa za mafuta ya nywele. Kazi yangu ilikuwa kufumua. Mteja akitaka nywele za zamani zitolewe, mama aliniita, nikachovya vidole kwenye mafuta na kufumua msuko mmoja mmoja mpaka mgongo ukauma.

"Huyu mwanangu ana vidole vyepesi," mama aliwaambia wateja. "Na kichwani hajambo. Sayansi anashika namba moja tangu darasa la tatu."

Maneno hayo yalinivimbisha kichwa, sifichi. Shuleni wenzangu waliniita Namba Moja, nami niliitika bila aibu.

Kisha akaja yeye.

Alikuwa mtoto wa mama mdogo. Mama yake alipata kazi ya upishi kwenye kambi ya mafundi wa barabara, mbali sana, mahali ambapo mtoto hawezi kukaa. Basi akaletwa kwetu na sanduku moja, akapewa nusu ya kitanda changu na nusu ya kabati langu. Hilo sikulijali. Nilimzidi miezi mitano tu, lakini aliniita dada kwa heshima zote. Ila mtihani wa kwanza wa sayansi ulipotoka, yeye alikuwa wa kwanza na mimi wa pili. Wa pili! Mtihani uliofuata, vilevile. Kufikia katikati ya mwaka darasa zima lilimwita Profesa, na hakuna aliyeniita Namba Moja tena, maana ingekuwa uongo.

Nikaingiwa na kijiba cha roho. Akicheka, nakereka. Akisifiwa, chakula hakinishuki. Hata jinsi alivyotandika shuka upande wake wa kitanda, imenyooka bila kunyanzi moja, ilinichoma.

Muhula wa pili mwalimu wetu wa sayansi alitangaza kwamba tutapeleka kifaa kimoja kwenye maonyesho ya shule zote. Kifaa hicho ni superkapasita.

"Betri mnaijua," alisema. "Huchukua muda kujaa. Superkapasita nayo hutunza umeme, ila inajaa upesi na kuutoa upesi. Ndani haina mambo mengi. Unachukua vibati viwili vya chuma kisichoshika kutu, unavipaka grafiti, ileile nyeusi iliyo ndani ya penseli. Kibati kilichopakwa hivyo kinaitwa elektrodi. Katikati unaweka karatasi iliyolowa maji ya chumvi, unabana. Basi."

"Kwa nini grafiti, mwalimu?" niliuliza, nikitaka nionekane.

"Kwa sababu inapitisha umeme, na chembe zake zina nafasi nyingi za umeme kujibanza. Shida ni gundi. Unga wa grafiti haushiki kwenye chuma wenyewe. Atakayenipatia gundi isiyotoka ndani ya maji ndiye atakayesimama jukwaani kueleza."

Jukwaani! Nilipika uji mzito wa unga wa ngano nikauchanganya na grafiti. Siku ya pili ukaota ukungu. Nikajaribu gundi ya kubandikia karatasi. Ikayeyuka kwenye maji ya chumvi, maji yakawa kama wino. Profesa siku zote hizo hakujaribu kitu. Alikaa tu saluni akimtazama mama akimpaka mteja rangi ya kucha, ile ya kung'aa isiyo na rangi yoyote.

"Mama mkubwa," akauliza, "hiyo ikikauka, maji yanaitoa?"

Mama akacheka. "Ingekuwa inatoka kwa maji, wanaofua nguo wangekuwa hapa kila asubuhi. Hiyo mpaka uifute kwa asetoni."

Profesa akaomba kichupa kimoja. Akachanganya rangi ile na unga wa grafiti ambao mwalimu aliupata kwa fundi wa vitasa, anayelainishia nao kufuli, akapaka kwenye kibati cha majaribio, akakianika. Kesho yake akakitumbukiza kwenye maji ya chumvi mbele ya darasa. Grafiti haikutoka. Mwalimu alikigeuzageuza, akakikwaruza kwa ukucha, kisha akapiga makofi, na sisi tukapiga. Mimi nilipiga mara mbili tu.

Kile kichupa nilikuwa nikikifuta vumbi kila Jumamosi tangu nina miaka saba. Saluni ni ya mama yangu! Kitu kiko chini ya pua yangu miaka yote, halafu mgeni wa juzi ndiye anakiona. Jioni ile nilimfumua mteja kwa hasira mpaka akaruka kwenye kiti. "We mtoto! Hicho ni kichwa cha mtu, si fundo la kamba!"

Maonyesho yalikuwa Ijumaa. Jumatatu Profesa alikuja saluni na vibati sita, kwa kuwa taa ndogo nyekundu tuliyotaka kuiwasha ilihitaji jozi tatu zilizounganishwa. Alivisugua kwa msasa, akavifuta kwa asetoni, akavipanga juu ya gazeti mezani, tayari kupakwa. Kisha akachukua simu ya mama akatoka nje. Nilimsikia dirishani.

"Mama, ni mimi nitakayesimama jukwaani! Ijumaa. Umeomba ruhusa? Wamekubali? Kweli, mama? Kweli?"

Hakuwa amemwona mama yake kwa miezi saba.

Mama yangu alikuwa nyuma ya pazia akimwosha mteja nywele. Mimi nilikuwa nimetoka kufumua, vidole vyote vina mafuta. Nikasogea mezani. Nilitaka kuvitazama tu, haki ya Mungu. Nikainua kimoja, nikakirudisha. Katikati yake palikuwa na alama ya dole gumba langu, inametameta.

Hapa sitajitetea. Mtoto wa msusi hujua jambo moja kabla hajajua kusoma: ukucha wenye mafuta haushiki rangi. Ndiyo maana mama hufuta kila ukucha kwanza. Pamba ilikuwa pale, asetoni pale. Ningefuta alama ile, yangekwisha. Lakini Profesa akacheka tena huko nje, kicheko cha furaha kabisa, nami nikakibonyeza kibati cha pili katikati. Kisha cha tatu. Nikamaliza vyote sita, nikaenda kunawa.

Profesa akarudi akavipaka bila kuona kitu.

Jumatano mwalimu alivipanga vibati kwenye meza ya darasa, karatasi zenye maji ya chumvi katikati, akaviunganisha na betri mbili za tochi ili vijazwe. Baada ya dakika moja akatoa betri, akaunganisha taa. Haikuwaka. Akajaribu tena, wapi. Alipofungua akakuta grafiti imebanduka katikati ya kila kibati, vipande vimekwama kwenye karatasi na kugusa upande wa pili.

"Nilikwambia usafi!" mwalimu alifoka. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Mara ngapi nimesema kibati kisafishwe? Keshokutwa ndiyo maonyesho, nina nini cha kuonyesha?"

Profesa aliangalia sakafu. "Nilivisafisha, mwalimu."

"Ulivisafisha vikawa hivi?" Akanigeukia. "Wewe, Namba Moja, jiandae. Ijumaa utapanda jukwaani, utaeleza kwa michoro."

Namba Moja! Moyo wangu uliruka. Nilifurahi darasani, nikafurahi uwanjani, nikafurahi mpaka getini. Kutoka getini hadi nyumbani Profesa alitembea nyuma yangu amebeba mfuko wa vibati, na furaha ile ikaanza kunikaa vibaya.

Saluni palikuwa na mteja mmoja. Profesa aliweka mfuko sakafuni, akaomba simu. Safari hii hakutoka nje. Alikaa kwenye kiti cha mwisho, akawa anatabasamu huku anazungumza, kusudi sauti isimsaliti.

"Mama, shikamoo. Usije Ijumaa. Hapana, siumwi. Si mimi tena, nimeharibu. Ndiyo. Waambie ruhusa umeirudisha. Hapana, mama, silii."

Alipokata simu, mama aliacha kitana ndani ya nywele za mteja.

"Hebu lete hivyo vibati," alisema. Akakipeleka kimoja mlangoni penye mwanga, akaleta cha pili, cha tatu. "Nani kasema umeharibu? Pembeni kote imeshika sawasawa. Imetoka katikati tu, na vyote mahali palepale. Aliyeshika hapa alikuwa na mafuta mkononi."

Nilihisi masikio yanawaka moto.

"Basi ni mimi, mama mkubwa," Profesa akasema. "Labda nilikuwa nimejipaka mafuta. Sikukumbuka kunawa."

Hakuwa amejipaka chochote. Alikuwa anatafuta maelezo, na alipokosa akajitwika mwenyewe. Ningenyamaza hapo, mambo yangekwisha. Jukwaa langu, jina langu, vyote vilikuwa mkononi. Lakini nilimwona anafuta macho kwa ukosi wa sare, haraka haraka, asionekane, na nikajichukia.

Nikaenda mlangoni. Nikaweka dole gumba langu juu ya ile alama tupu. Likaenea barabara.

"Ni mimi," nikasema. "Kimoja kwa bahati mbaya. Vitano kwa makusudi."

"Makubwa!" akasema mteja.

Mama hakunipiga, hakufoka. Profesa ndiye aliyeuliza, "Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu unanishinda kila kitu."

"Ungeniambia, ningekuachia jukwaa," akasema. "Mimi nilitaka mama aje tu."

Hapo ndipo nililia, tena kwa sauti, mteja wa watu akabaki ananipa leso yake.

"Futa machozi, twende shuleni kabla mwalimu hajaondoka," mama akasema. "Nitakusindikiza, ila sitakusemea. Mdomo unao."

Mwalimu alikuwa anafunga kabati la vifaa. Nilimweleza yote, na sauti ikanikatika mara mbili. Aliposikia aliketi chini.

"Kumbe nimemgombeza mtoto wa watu bure," alisema, kama anajiambia mwenyewe. "Kesho nitamwomba radhi mbele ya darasa, maana nilimfokea mbele ya darasa. Na wewe jukwaani hupandi. Rudi ukavisafishe vibati hivyo, leo hii."

Nilivisafisha. Nilitoa grafiti yote kwa asetoni, nikasugua kwa msasa, nikaosha kwa sabuni, nikafuta tena kwa asetoni, nikivishika kwa pamba pembeni tu. Profesa akavipaka safu nyembamba, akaviacha vikauke, akaongeza ya pili. Hatukuzungumza sana. Kisha niliomba simu nikampigia mama mdogo mimi mwenyewe.

"Shikamoo, mama mdogo. Njoo Ijumaa. Profesa hakuharibu kitu. Ni mimi niliyeharibu, kwa wivu."

Upande wa pili nikasikia sufuria zikigongana. "Marahaba," akasema mwishowe. "Ruhusa nimeshairudisha, mwanangu. Nitaomba tena, lakini siahidi."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mimi nilikaa safu ya nne na mama. Profesa alieleza vizuri, ila kila baada ya maneno machache macho yalikwenda mlangoni. Akajaza superkapasita kwa dakika moja, akatoa betri, akaunganisha taa. Ikawaka, nyekundu kabisa. Ukumbi ukashangilia. Nilihesabu mpaka ishirini na tatu ndipo ikafifia.

Ilipozimika tu, mlango ukafunguka, akaingia mama mdogo anahema, aproni ya jikoni bado iko kiunoni.

"Naomba nirudie," Profesa alisema kwenye kipaza sauti. "Dakika moja tu." Waamuzi wa maonyesho wakatazamana, mmoja akatikisa kichwa kukubali. Taa ikawaka mara ya pili, na safari hii Profesa hakuitazama taa.

Baadaye nje, mama mdogo alipokwisha kumkumbatia mwanawe, alinivuta na mimi. "Na huyu alifanya kazi gani?"

Profesa akawahi. "Dada ndiye aliyesafisha vibati."

"Baada ya kuvichafua," nikasema. Mama mdogo alinikumbatia hivyohivyo, lakini aliniminya sikio kidogo.

Tulirudi kwa miguu, wao mbele, sisi nyuma. Nikamwambia mama polepole, "Mama, alipopigiwa makofi, bado niliona wivu."

"Najua, nilikuwa nimekaa kando yako," akasema. "Wivu unaingia bila kupiga hodi, mwanangu. Mimi nauona kila siku dirishani, nikimwona msusi wa ng'ambo ya barabara amejaza wateja. Kuusikia moyoni si kosa. Kosa ni kuupa mikono ukaufanyia kazi. Na ukishateleza ukaupa, sema upesi, kabla mwenzio hajabeba mzigo usio wake."

Nilimwambia nimesikia. Mbele yetu Profesa alikuwa ameshika mkono wa mama yake kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anaburuta boksi la vifaa lililomwelemea. Nikakimbia nikalipokea, ili mikono yake yote miwili ibaki na mama yake.