Kitambaa cha Maji Baridi

Kila asubuhi katika wodi ya watoto, muuguzi alianzia kitanda cha dirishani, cha msichana aliyebandikwa jina la Chiriku kwa mdomo wake usiotulia. Kisha alikuja kwa Kitinda, kitindamimba wa fundi cherehani. Wote wawili walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa moyo katika wiki ileile.

Siku hiyo Chiriku aliambiwa kwamba kesho anarudi kwao. Tayari alikuwa akitembea mpaka mlangoni, akiwasalimia wagonjwa kama mtu anayeomba kura. Kitinda alimpongeza, lakini moyoni aliona gere. Madaktari walikuwa wameziba tundu la moyo wake, ila wivu ulipata pa kupenyea. Kwa nini atoke yeye? Hiyo ndiyo roho ya kwa nini, na dawa yake haikuwamo katika kabati la wodi.

Tangu jana, mshono wa Kitinda ulikuwa umevimba chini ya bandeji na kuwaka moto. Alijua akisema atabakizwa. Basi muuguzi akiwa bado kwa Chiriku, alilowesha kitambaa kwa maji baridi, akakibana kwapani, kisha akajifuta. Muuguzi alipomwekea kipimo cha joto kwapani, kikaonyesha mambo ni shwari.

"Panauma?" muuguzi akauliza.

"Hata kidogo, Sista."

"Vizuri. Daktari akikubali, nawe kesho utaondoka."

Muuguzi alipotoka, Chiriku alimsogelea. "Nimekiona kitambaa chako."

"Una kijicho wewe. Hutaki nitoke."

"Kijicho cha nini? Mimi mshono wangu ulianza kuchemka mapema. Nililalamika mpaka Sista akachoka kunisikiliza. Wakanipa dawa, ndiyo maana natoka."

 Siku zote Kitinda aliamini mwenzake anapendelewa tu. Mchana mama yake alikuja na gauni jipya lenye vifungo mbele, asipate taabu kuinua mikono. Kitinda alilitazama huku meno yakimgongana kwa baridi. Aliogopa.

"Mama, niitie Sista," alisema. "Nimemdanganya."

Bandeji ilipofunguliwa, usaha ulikuwa umeanza. Daktari aliitwa mbio, mshono ukasafishwa, dawa ikaanza kupitishwa kwenye mshipa. Asubuhi Chiriku aliondoka akipunga mkono. Kitinda alilia, na hakuona haya kulia.

Homa ilichukua siku kadhaa kushuka. Iliposhuka, muuguzi aliketi kando yake.

"Wakati wa upasuaji tuliusimamisha moyo wako, mashine ikasukuma damu badala yake," alisema. "Seli za mwili hupata msukosuko mkubwa, ndiyo maana mtu huvimba na kuchoka. Kila mwili hutulia kwa wakati wake, hayo si mashindano. Lakini mshono ukizidi kuvimba, ukawa wa moto na kuuma, ujue mwili unaomba msaada. Ungekwenda nyumbani vile, wadudu wangefika kwenye mfupa wa kifua."

"Na moyo?"

"Moyo uko jirani tu." Muuguzi alimfunika shuka. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Wewe umesema kabla ya kuumbuka, na umefanya vyema. Ila usimwonee wivu mwenzako. Hakukuzidi bahati. Alikuzidi kusema kweli."