Aliyeshuka Hiidenvaara

Hadi leo Kyllikki hawezi kusema ni nani aliyeshuka naye mlimani alasiri ile. Amewaza mchana, amewaza kitandani, na jibu halijaja.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Ilikuwa Februari, baridi kavu, jua jeupe, na ziwa la Pielinen limeganda hadi macho yanapoishia. Kyllikki na mdogo wake Sirkka, wajane wawili wanaokaa nyumba moja, walikuwa wakipanda vilima vya Hiidenvaara kama walivyozoea tangu utotoni. Si milima ya kumtisha mtu. Hata vikongwe huipanda na fimbo zao.

"Dada, unahema kama ng'ombe anayezaa," Sirkka alisema.

"Panda tu. Ukinitangulia utakula theluji. Soseji ninazo mimi."

Juu kabisa kuna kibanda cha mbao kilicho wazi upande wa ziwa. Waliwasha moto, wakachoma soseji, wakamimina kahawa. Kisha Kyllikki akaingia kidogo kwenye misonobari kujisaidia.

Alipogeuka kurudi, dunia ilikuwa imenyamaza. Aliuona moto, lakini haukutoa mlio. Alimwona Sirkka akitafuna mkate, hatua chache tu mbele yake. Miguu ikakoma pale miti inapoishia.

"Sirkka," alisema. Mdomo ulifunguka. Sauti haikutoka.

Watu wa huko wanalijua jambo hili. Husema msitu umemfunika mtu. Aliyefunikwa huona watu na kusikia sauti zao, ila yeye haonekani wala hasikiki. Bibi yao aliwafundisha dawa yake: aliyepotea avue koti, aligeuze ndani nje, alivae. Kyllikki alikumbuka vizuri. Lakini mikono yake ilining'inia kama nguo zilizogandia kambani.

"Dada, ukimaliza kuhesabu miti, uje!" Sirkka aliita, akicheka.

Baadaye hakucheka tena. Alifuata nyayo hadi msituni, akazunguka, akaita mpaka sauti ikakwaruza. Mara moja alisimama uso kwa uso na dada yake. Pumzi yake ilimgusa Kyllikki shavuni. Macho yake yalipita, yakatazama mti ulio nyuma.

Jua likainamia ng'ambo ya ziwa. Baridi ikapanda kutoka vidoleni hadi magotini. Ikapita magoti.

Hapo Sirkka akafanya kosa. Bibi alisema anayegeuza koti ni aliyepotea, si anayetafuta. Labda alisahau. Labda alikumbuka, na hakujali. Alivua koti lake jekundu, akaligeuza, akalivaa.

Moto ukatoa mlio.

Kyllikki akaanguka kifudifudi kwenye theluji, akilia kwa sauti. Mkono ukamwinua. Walishuka, Sirkka mbele, hadi garini.

Asubuhi Sirkka alikata mkate kwa mkono wa kushoto, yeye aliyetumia wa kulia maisha yake yote. Ile alama nyeusi aliyozaliwa nayo kwenye shavu la kushoto ilikuwa kwenye shavu la kulia. Kyllikki alijiambia ni uchovu. Kisha wakaenda zahanati kwa ajili ya kikohozi cha Sirkka, na muuguzi akamsikiliza kifua, akakunja uso, akahamishia kifaa upande wa pili.

"Mama, moyo wako uko kulia. Hujawahi kuambiwa?"

Jioni ile jikoni Kyllikki alinong'ona, "Wewe ni nani?"

Sirkka hakukasirika. "Sijui, dada. Nakumbuka kila kitu chetu. Hata yule kuku uliyemuua ukamsingizia paka. Lakini nakumbuka na jambo jingine."

"Lipi?"

"Nimesimama kwenye miti. Nakuona unashuka na mtu. Nakuita."

Kyllikki angeweza kuyaacha hapo, na nani angemlaumu? Huyu aliyekaa mbele yake alijua kahawa anavyoipenda. Alimpenda. Usiku kucha walikaa mezani, na kulipopambazuka ni Sirkka aliyesema, "Kama yuko kule, anaganda. Twende."

Walipanda bila utani. Mbele ya kibanda Sirkka alivua koti, akaligeuza, akalivaa. Alishika kifungo cha kwanza, akakiacha.

"Nifunge wewe, dada."

Kyllikki akamfunga. Kifungo kimoja kimoja, hadi shingoni.

"Ukiona mtu anatoka," Sirkka alinong'ona, "usimuulize kitu. Mpe kahawa."

Akaingia msituni. Koti likaonekana. Likaonekana tena. Halafu miti tu.

Kyllikki alingoja na kikombe mkononi mpaka kahawa ikashika barafu. Hakutoka mtu. Ndipo akazifuata nyayo. Zilikwenda hadi kwenye msonobari mmoja, zikaishia hapo. Kando yake palikuwa na nyayo nyingine mbili, za buti zilezile, zimeelekea kibandani. Chini ya hizo mbili theluji ilikuwa imeyeyuka hadi udongoni, kama pale mtu aliposimama siku nyingi bila kubadili mguu. Alivua glavu, akaweka kiganja.

Udongo ulikuwa na joto.

Aliita mpaka watu wa kijijini walipopanda kumchukua. Walipomuuliza, aliwaambia lile tu alilokuwa na hakika nalo: kwenda aliamua Sirkka mwenyewe, na vifungo alivifunga yeye.