Fundi Cherehani na Sindano ya Safari

Fundi alishona nguo za mtaa mzima. Kutwa sindano ilikuwa mkononi. Lakini akisikia habari ya kudungwa yeye, jasho lilimtoka.

Binti yake, aliyeishi nchi ya mbali, alijifungua mtoto wa kwanza. Akawatumia wazazi wake tiketi. Mke wa Fundi alikwenda kuchanjwa siku hiyo hiyo.

"Baba watoto, na wewe lini?"

"Mimi? Homa ikiniona hunipisha njia!"

Mke hakubishana. Alimwita jirani yao, muuguzi wa kliniki.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia unasafiri. Chanjo tayari?"

Fundi akaingia chini ya meza, eti anatafuta uzi. Muuguzi akachuchumaa, akamfuata huko huko.

"Fundi, ugenini kuna magonjwa ambayo mwili wako hauyajui. Chanjo huufundisha mwili kupigana nayo. Somo hilo huchukua muda, ndiyo maana tunachanja wiki kadhaa kabla ya safari. Tena nchi nyingine hudai cheti cha chanjo. Huna cheti, unarudishwa."

"Nitarudi, kwetu napajua."

"Na mjukuu? Mtoto mchanga hana nguvu. Utampelekea zawadi au maradhi?"

Fundi akaacha kutafuta uzi. Alipotoka, kichwa kiligonga meza.

Kesho yake alikaa kwenye kiti cha kliniki, macho kayafumba.

"Mama yangu, nakufa!"

"Bado, Fundi," muuguzi alisema. "Hiyo ni pamba tu."

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka.

"Haya, nidunge basi!"

"Nimeshamaliza."

Muuguzi akampa cheti, akamwonya: "Dawa zako za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake. Usizitie kwenye sanduku. Ndani ya ndege, inuka utembee kidogo, miguu isivimbe. Kunywa maji salama. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula."

Baada ya wiki kadhaa walisafiri. Walipofika uwanja wa ndege wa huko, ofisa alitazama vyeti, akawapitisha. Lakini sanduku la Fundi halikuonekana.

"Nguo zangu zote!"

"Na dawa?" mkewe aliuliza.

Fundi akapapasa mkoba. Zilikuwemo zote. Akashusha pumzi.

Kwa binti yao, alinawa mikono kwanza, ndipo akampakata mjukuu. Mtoto akamtazama babu yake, akatulia, akamkojolea.

"We bwana mdogo!" Fundi alilia. "Sina suruali nyingine!"

Akazidi kumkumbatia.