Kosa la Jicho

Adhuhuri hiyo duka la fundi kompyuta lilijaa hadi mlangoni. Mwanamke mmoja, mtengeneza meno bandia, akiwa bado na koti lake jeupe lenye vumbi la plasta, aliweka kompyuta yake kwenye kaunta. Hapohapo mkono wa ovaroli ya bluu ukaweka nyingine.

"Feni imeungua," walisema kwa pamoja.

Fundi aliwatazama. "Kwani nyinyi mnakaangia nini humu?"

"Sataranji," alijibu mwanamume wa ovaroli. Alikuwa fundi wa lifti, mrefu, kola yake imenyooshwa kama ya bwana harusi. "Nimeandika programu inayocheza yenyewe. Naipambanisha na programu nyingine kutwa kucha. Inaitwa Kobe."

Mwanamke alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Naye alikuwa mtu wa programu hizo. Kwenye jukwaa la mtandaoni la watunzi wenzake aliitwa Jicho, na siku tatu nyuma Jicho aliandika kwamba Kobe ni mali ya wizi. Ushahidi wake ulikuwa mmoja: Kobe ilikuwa na kosa lilelile la programu ya zamani iitwayo Radi. Zote mbili zilimpeleka farasi pembeni pasipo sababu. Watu wawili wanaweza kupatia namna moja, aliandika, lakini hawakosei namna moja. Watu arobaini na mmoja walimuunga mkono. Baada ya wiki mbili wasimamizi wangepiga kura ya kumfungia mwenye Kobe.

Angemwambia palepale. Badala yake alimpa namba ya simu.

"Mrembo wa plasta, umekula?" fundi wa lifti aliuliza simuni kesho yake.

"Nimekula, bwana wa kupanda na kushuka. Leo umekwamisha wangapi?"

"Mmoja tu. Nafsi yangu, ghorofa ya kwako."

"Acha uongo!" alisema, lakini alikuwa anatabasamu peke yake mbele ya taya la plasta la mteja.

Siku ya kumi walikutana mkahawani. Mwanamke alivaa gauni la kijani; fundi wa lifti aliliona, akalisifu, kisha akazama kwenye kikombe.

"Huyu Jicho ananimaliza, mpenzi. Miaka minne ya kazi, leo naitwa mwizi. Na mzee mwenyewe ndiye mwalimu wangu!"

"Mzee?"

"Kwa ukali ule? Ana mvi hadi kwenye kope. Habari za farasi nilijifunza kwenye somo lake. Namba zake nilizinakili moja moja."

Chai ilimpalia mwanamke.

Alirudi nyumbani jua bado kali, akafungua somo alilolichapisha miaka sita iliyopita: jedwali la namba sitini na nne, kila mraba na thamani yake kwa farasi. Mstari wa pili, namba ya mraba wa pembeni na ya jirani yake zilikuwa zimebadilishana nafasi. Mkono wake mwenyewe ndio uliozibadilisha. Alimwandikia mwenye Radi, akajibiwa baada ya dakika tano: naam, nilizitoa kwako. Basi hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mwalimu mzembe na wanafunzi wawili watiifu.

Alipiga simu. "Jicho si mzee. Ni mimi. Na kosa ni langu, si lako."

"Umejua lini kwamba mimi ndiye mwenye Kobe?"

"Tangu dukani."

Simu ilikatwa.

Aliandika jukwaani maneno yaleyale, akaweka na jedwali ili kila mtu ajionee. Kura ilifutwa. Kisha wale waliomuunga mkono wakamgeukia. "Jicho limeingia mchanga!" "Leo nani afungiwe?" Hakubishana. Palipokuwa na kweli alijibu, "Ni kweli". Palipokuwa na matusi alipita.

Siku ya nne baada ya simu kukatwa, maabara yake ya meno imejaa kelele za mashine, simu iliita.

"Wiki nzima na zaidi unanitania simuni huku unanijua."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utakata simu."

"Nikakata."

"Ukakata. Na leo umepiga."

Akasikia pumzi, kisha kitu kama kicheko kilichozuiwa. "Nimepitia somo lako lote. Kuna kosa jingine, mstari wa saba."

"Haiwezekani!"

"Lipo, bibi wee. Nimehakiki mara tatu."

"Mbona hukuliandika jukwaani? Wangekushangilia."

"Wao ni wao," alisema. "Mtu wangu namwambia pembeni."

Mwanamke aliliweka chini taya la plasta. Kisha akazima mashine.

"Njoo unionyeshe," alisema, akaenda kunawa uso.